Mbwa wakilia usiku, kabla hujawaza msiba chukua tochi

Grupu letu la WhatsApp la mtaa lina mambo matatu yanayoamsha hata wale waliojificha mwaka mzima: umeme umekatika, mwizi kaonekana, na mbwa wamelia usiku. Hilo la tatu ndo lina moto kuliko yote. Juzi mtu katupia voisi saa tisa usiku, ukisikiliza ni mbwa tu huko nyuma wanavuta ile sauti ndefu ya kuomboleza, halafu yeye anaongea kwa kunong'ona "jamani hii siyo nzuri, huu mtaa kuna jambo linakuja". Asubuhi grupu linachemka. Mmoja anasema tufunge na kuomba, mwingine ana mtaalamu wake Bagamoyo, mwingine anataka kujua hao mbwa ni wa nani na kwa nini hawafungwi, admini anatokea kusema hili ni grupu la ulinzi shirikishi mambo ya mbwa pelekeni kwingine, na hakuna anayemsikiliza.

Mi sikuandika kitu kule maana ukibishana na watu waliokosa usingizi unatafuta lawama bure, ila msimamo wangu ni huu: mnyama wa nyumbani hajui kitakachotokea. Anachojua ni kilichopo sasa hivi, na cha sasa hivi anakipata kingi kuliko wewe. Hivyo vitu viwili tunavichanganya, na tukivichanganya tunaishia kuogopa yasiyokuwepo huku yaliyopo yanatung'ata miguu, na hapo kwenye kung'atwa miguu sitanii, nitafika.

Haya mambo tumekua nayo. Bundi akitua juu ya bati bibi alikuwa anatoka na kijinga cha moto anamtukana mpaka aondoke. Mbwa akilia huku kaelekeza uso nyumba ya mtu, mwenye nyumba ajiangalie. Na ile ya tongotongo za mbwa, sijui kama kuna mtoto wa huku hajawahi kuisikia, ati ukijipaka machoni usiku utaona anachokiona yeye, wachawi wanavyokatiza uchi na majini yalivyokaa juu ya mwembe. Shuleni tulikuwa tunatishiana nani ataweza kujipaka, na hakuna aliyejipaka, au kama yupo basi hakurudi kusimulia. Madrasa nako tulifundishwa ukisikia jogoo anawika muombe Mungu fadhila zake maana kaona malaika, na punda akilia ujikinge na shetani maana kamuona. Wenzetu Wakristo wana punda wa Balaamu, yule aliyemuona malaika kasimama njiani na upanga mkononi wakati aliyempanda haoni chochote, kazi yake kumchapa fimbo tu.

Sasa sina ugomvi na hayo hata kidogo, dini ni dini. Ila angalia vizuri, kote huko mnyama anaona kilichopo pale pale kwa wakati ule ule. Punda wa Balaamu hakuona ya wiki ijayo, malaika alikuwa mbele yake. Jogoo hawiki kwa ajili ya malaika atakayekuja Alhamisi. Hii ya kwamba mbwa analia leo Jumanne kwa sababu mzee fulani atafariki Jumamosi tumeiongeza wenyewe.

Na ukikaa ukapiga hesabu inakuja yenyewe. Mtaa una watu kibao, misiba haikosi. Mbwa nao wanalia kila mara, jike lipo kwenye joto, kuna king'ora cha gari la wagonjwa barabarani, kuna mwenzao kafungwa mnyororo nyumba ya tatu ana njaa, mmoja akianza wote wanaitikia. Wakilia na mtu akafa, hiyo itasimuliwa matangani mpaka arobaini. Wakilia na asife mtu, imekwisha hiyo, nani ana muda wa kukumbuka. Na wale wanaokufa usiku ambao mbwa wamelala fofofo? Sijawahi kumsikia mtu kakaa kwenye jamvi la msiba akasema "jamani ajabu, jana mbwa walikaa kimya kabisa".

Haya, tuje kwenye hicho wanachokipata wao. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, wengine inakaribia 300, sisi tuna kama milioni 5 au 6 hivi na nusu yake tumeshaiharibu kwa moshi wa mkaa. Kwenye masikio, binadamu kijana aliye mzima anaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, mbwa anafika kama 45,000, paka anapita 60,000. Ndo maana unamkuta paka kakaa nusu saa anaikazia macho kona ya ukuta, masikio yanacheza, mkia unagonga sakafu taratibu, wewe unaanza kusoma dua, kumbe humo ukutani kuna watoto wa panya wanamlilia mama yao kwa sauti ambayo sikio lako halijawahi kuipata toka uzaliwe.

Nije kwenye siafu. Ilikuwa msimu wa vuli, mvua imepiga jioni ikakata, tumelala. Tuna mbwa wetu Jimi, mbwa wa kawaida wa kiswahili, rangi ya mchanga, sikio moja limelala, siyo mbwa wa kelele. Usiku ule akaanza kuruka-ruka pale kibarazani, habweki kama anavyombwekea mtu, analia kimya kimya kwa puani, anapiga hatua mbili anajilamba mguu, anapiga hatua mbili anajilamba mguu, kisha anakwaruza mlango. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutusalimia, akatoka chumbani kajifunga kanga kifuani akasema "baba, hapa pana kitu, mbwa hawezi kucheza ngoma bila ngoma". Mke wangu yeye moja kwa moja anawaza mwizi. Mara kuku nao bandani wakaanza, siyo kuwika, ni kile kilio cha kukabwa, mbawa zinapiga mabati pa pa pa pa.

Nikafungua mlango na tochi ya simu. Mwanzoni unadhani ni kivuli cha kamba ya kuanikia nguo kimelala chini, kimeanzia kwenye ua wa michongoma kimepita katikati ya uwanja, ila kivuli kinatembea. Siafu. Mstari mpana kama kiganja, pembeni wale walinzi wao wenye vichwa vikubwa wamesimama wameinua meno, na mstari umeshagawanyika, mmoja unakwenda bandani mwingine unakuja kibarazani moja kwa moja mlangoni, na ndani ya mlango ule kulikuwa na mtoto kalala kwenye godoro la chini. Asikwambie mtu, tulitawanyika. Mama mkwe kamnyanyua mtoto juu ya meza, mi nakimbilia mafuta ya taa, mke wangu anamwaga majivu ya jikoni kwenye kizingiti, na mguu wangu ndo huo unang'atwa na kila aliye na meno. Banda tukalifungua kuku wakatoka mbio kuingia gizani, aliyebaki ni mmoja aliyekuwa analalia mayai, huyo hakukubali kuachia mayai yake na tulipomfikia alikuwa ameshafunikwa.

Sasa Jimi alitabiri? Hapana, alikuwa anang'atwa. Alikuwa na taarifa ya mguuni kwake dakika kadhaa kabla yangu, basi. Lakini zile dakika ndo kila kitu, na kama tungebaki ndani tunakemea mapepo, sitaki kufikiria lile godoro.

Kuku mwenyewe tunamdharau lakini ana lugha. Ana sauti moja ya adui wa juu, mwewe akipita anatoa mluzi mwembamba wa kuvuta na vifaranga vinaganda au vinaingia chini ya majani, halafu ana nyingine ya adui wa chini, ile ko-ko-ko-ko ya kukatika katika inayopanda, wakati huo shingo wameinua juu wote wanaangalia sehemu moja. Watafiti wamekaa na marekodi na vipaza sauti kulithibitisha hilo, mama mkwe analijua toka akiwa msichana, akiwa jikoni anakuna nazi anasikia ya pili anasema "nendeni mkaangalie kwenye matofali, na mtu asiingize mkono". Mara nyingi ni paka wa jirani au kicheche. Mara moja moja ni kifutu kajikunja kwenye tofali, na kifutu alivyo mzito wa kuondoka na mwepesi wa kugonga, hiyo mara moja inatosha.

Watu wengi wakisikia mjadala huu wanarukia matetemeko, na mi nina shangazi Bukoba, kwa hiyo nimeyasikia yote. Tarehe 10 Septemba 2016 alasiri Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu wakafa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Shangazi anasema mbuzi wake waligoma kula asubuhi ile. Nilimuuliza shangazi, shikamoo yako lakini naomba nijue, ni mara ngapi mbuzi wamegoma kula na ardhi isitikisike? Akaniambia wewe umesoma sana, kunywa chai.

Mfano mkubwa wanaoutoa watu ni wa China. Februari 1975 mji wa Haicheng uliondoa watu kabla ya tetemeko la 7.3, na kabla ya hapo kulikuwa na taarifa nyingi za nyoka waliotoka mashimoni katikati ya baridi kali wakafia kwenye barafu, panya walioduwaa, mifugo iliyogoma kuingia zizini. Inasimuliwa vizuri sana hiyo. Kisichosimuliwa ni kwamba kulikuwa pia na mfululizo wa mitetemo midogo ambayo watu wenyewe waliisikia, na hiyo ndo iliyowasukuma zaidi viongozi kuamua. Na mwaka mmoja na nusu tu baadaye, Julai 1976, katika nchi ile ile yenye wakulima wale wale waliofundishwa kuangalia wanyama, Tangshan ikaporomoka usiku bila onyo lolote lililotolewa, wakafa zaidi ya watu 240,000. Ukitaja Haicheng bila Tangshan unatuhadaa.

Siyo kwamba hakuna kitu kabisa. Italia mwaka 2009 mtafiti Rachel Grant alikuwa anahesabu vyura kwenye ziwa, kazi yake nyingine kabisa haihusiani na matetemeko, akaona asilimia 96 ya madume wametoweka katikati ya msimu wa kuzaana, siku tano baadaye mji wa L'Aquila ukatikiswa, kilomita 74 kutoka hapo. Hiyo inakuna kichwa, maana alikuwa anahesabu kabla, hakuja kuuliza watu baada ya tukio. Hukohuko Italia kundi la Martin Wikelski walivalisha ng'ombe, kondoo na mbwa vifaa vya kupima mwendo, wakasema wanyama walichangamka isivyo kawaida saa kadhaa kabla ya mitetemo. Wengine hawajakubali mpaka leo. Mwaka 2018 Heiko Woith na wenzake Ujerumani walikusanya taarifa zaidi ya 700 za vituko vya wanyama kuhusu matetemeko 160, wakakuta nyingi ni simulizi za baada ya tukio, na nyingi zinaangukia pale pale kwenye mitetemo midogo inayotangulia. Yaani mnyama alihisi tetemeko dogo ambalo wewe hukulihisi, halafu likaja kubwa.

Na ile ya mbwa kuruka sekunde chache kabla nyumba haijatikisika, hiyo ina maelezo safi kabisa. Tetemeko linatuma mawimbi mawili, la kwanza linakwenda kama kilomita 6 kwa sekunde na ni dogo, la pili linafuata na kilomita 3 na nusu hivi ndo lenye kubomoa. Ukiwa kilomita 50 kutoka chanzo unapata pengo la sekunde kama 6 kati yao. Mbwa aliyelaza kidevu sakafuni analipata la kwanza, wewe uliyekaa kwenye sofa na redio inaimba unapata la pili. Hata zile habari za tsunami ya Desemba 2004 kwamba tembo wa Sri Lanka wote walikimbilia milimani, kulikuwa na tembo wawili wa hifadhi ya Yala waliovishwa kola za setilaiti, mizunguko yao ikaangaliwa baadaye, hawakukimbia popote.

Hapo ndo nawaacha watu wa matetemeko. Kwenye maradhi sasa, hapo mi nimeinua mikono. Mwaka 1989 madaktari wawili wa Uingereza waliandika kwenye jarida la kitabibu la Lancet habari ya mwanamke ambaye mbwa wake alikuwa haishi kunusa doa moja mguuni, madoa mengine hana habari nayo, hata akivaa suruali mbwa anamnusa kwa juu, siku moja kavaa kaptula mbwa akataka kuling'ata. Akaenda kupima, kansa ya ngozi. Toka hapo mbwa wamefundishwa kugundua mambo mengi tu, wapo wanaomuamsha mwenye kisukari usiku sukari inaposhuka. Ila kwa nini twende Uingereza wakati Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kuna panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu, wakipata wanachokitafuta wanabaki wanakwaruza juu ya tundu lile, na wamekuwa wakiwanasa wagonjwa ambao darubini ya kliniki iliwapitisha. Ndugu yao Magawa alizaliwa Tanzania akaenda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi zaidi ya 100, mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu. Panya! Ambaye sisi tunamkimbiza na ufagio.

Kulikuwa na yule paka Oscar wa nyumba ya wazee kule Providence, Marekani, habari zake zilitoka kwenye jarida kubwa la madaktari mwaka 2007, anaingia chumbani anajikunja pembeni ya mgonjwa, saa chache mgonjwa anafariki, na hilo lilikuwa limetokea kwa watu zaidi ya 25 mpaka wauguzi wakimuona kajikunja wanapiga simu kwa familia. Ungemleta Oscar mtaani kwetu asingemaliza wiki, wangemchoma moto. Lakini mwili unaokaribia kuzima unabadilisha harufu na joto, na hivyo vyote ni vitu vilivyopo chumbani tayari, havihitaji uchawi.

Kuna hatari moja ambayo usimtegemee mnyama kabisa nayo ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Ile gesi ya mkaa haina harufu, siyo kama gesi ya mtungi ambayo imewekewa uvundo makusudi, mbwa na pua yake yote hainusi. Waingereza walishusha ndege wa kanari kwenye migodi ya makaa mpaka mwaka 1986, na yule ndege hakuwa anatoa taarifa, alikuwa anaanguka. Mwili mdogo, pumzi za haraka, sumu inamuwahi. Kwa hiyo ukiona paka kalegea chumbani, anayumba, na jiko lipo pembeni, usimpepee, toka nje wewe na watoto kwanza.

Nimeacha la mwisho ambalo kwa mtazamo wangu ndo kubwa kuliko siafu na matetemeko yote, na kwenye grupu la mtaa hakuna aliyewahi kulitaja. Mbwa akibadilika tabia, mara nyingine hakuletei habari ya hatari, hatari ni yeye. Kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 duniani kila mwaka, wengi Afrika na Asia, karibu wote wameng'atwa na mbwa, na sehemu kubwa ni watoto. Mbwa mpole anaanza kung'ata hewa, anatafuna mawe na vijiti, sauti yake ya kubweka inabadilika inakuwa ya kukwama, anatembea tu bila kuangalia pembeni, au kinyume chake yule mkali anakuwa mpole ghafla anakuja kukulalia miguuni. Na kuna ile ya kimya, taya linashuka haliwezi kufunga, mate yanadondoka, hawezi kumeza. Hiyo ndo inawamaliza watu wema, maana anasema maskini mbwa kakwamwa na mfupa, anaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Hakuna mfupa. Usiingize mkono.

Akikung'ata au hata akikulamba kwenye kidonda, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, usikamulie limao, usifunge tambara lenye mafuta ya taa, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze sindano. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa ndo uende. Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki au miezi kabla havijaonekana, lakini vikishaonekana kwa mtu, dawa hakuna. Chanjo ya Jimi ni mara moja kwa mwaka, mtu wa mifugo wa kata anaichoma dakika mbili na kujaza kadi, na kila ikikaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi wanapita kuchanja bure au kwa hela ndogo tu. Nimeiweka hiyo tarehe kwenye grupu, watu wawili wamebonyeza dole gumba, halafu wakarudi kwenye bundi.